Sukari Inaposhuka kwa Mtoto wa Mbwa Mdogo: Tulichojifunza kwa Kuwalea

Mtoto wa Chihuahua, Yorkshire Terrier, Maltese, Pomeranian au Toy Poodle anaweza kulala saa 5 usiku akiwa mzima, amekula na kucheza, na saa 12 asubuhi akakutwa amelegea, masikio ya baridi, hawezi kusimama. Hakuumwa na nyoka wala hakulishwa sumu. Sukari ya damu imeshuka. Kwa anayefuga mbwa wa jamii hizi ndogo, jambo hili linafaa kujulikana kabla mtoto hajaingia nyumbani, maana maradhi mengine mengi yanakuachia siku ya kujipanga, na hili huenda lisikuachie hata saa moja.

Kipindi kibaya ni kati ya wiki ya 6 na ya 16. Ndiyo wiki mtoto anaachishwa ziwa, anabadilishiwa chakula, anatenganishwa na ndugu zake, anachanjwa, anapewa dawa ya minyoo na kusafirishwa kwenda kwa mwenyewe mpya, mara nyingine yote hayo ndani ya siku chache. Funzo ambalo tungependa kila mfugaji alishike kabla ya mengine ni hili: sukari unayompaka mdomoni inamwamsha tu. Kinachomponya ni chakula kinachofuata, joto, na kuijua sababu iliyomwangusha.

Ini ndilo hutunza akiba ya sukari. Mbwa mkubwa akikosa chakula usiku kucha, ini lake huachia akiba hiyo polepole, na ikipungua hutengeneza sukari nyingine kutokana na misuli na mafuta ya mwili. Mtoto wa gramu 700 ana ini dogo, misuli haba, mafuta karibu hakuna, na uwezo wa ini lake kutengeneza sukari bado haujakomaa. Hapohapo ubongo wake ni mkubwa ukilinganisha na mwili wake, nao ubongo hauna subira na sukari. Halafu ngozi yake ni kubwa kwa uzito ule, kwa hiyo joto linamtoka haraka, na kila anapotetemeka kujipasha anachoma sukari ileile. Ni taa yenye utambi mnene na mafuta kiduchu.

Dalili za mwanzo ndizo zinazopotea machoni pa watu, kwa sababu zinafanana na usingizi. Mtoto anasimama katikati ya sebule, kichwa kimeinama, kama aliyesahau alikokuwa anakwenda. Anatembea hatua tatu, miguu ya nyuma inapishana, anakaa. Anakutazama lakini macho hayakushiki. Wengine husinzia kidevu kikiwa ndani ya bakuli la chakula, na watu wakacheka na kupiga picha. Ukiwa na shaka, mwinue, mwite, kisha mpitishie puani kipande cha kuku wa kuchemsha chenye uvuguvugu. Aliyekuwa na usingizi tu ataamka, atanusa, atalamba ndani ya sekunde chache. Ambaye sukari imeshuka atageuza kichwa, au hataonyesha dalili ya kukisikia. Fungua mdomo uone fizi: zimepauka, zina ubaridi, zinanatanata. Baada ya hatua hiyo huja kutetemeka, kichwa kupinda nyuma, kupiga makasia kwa miguu, degedege, na mwisho kupoteza fahamu.

Sasa dakika 10 za kwanza. Andaa kabla ya siku ya shida, maana saa 9 usiku hakuna anayepata muda wa kutafuta kijiko. Weka mahali pamoja: pakiti ya glukosi ya unga ya dukani au chupa ndogo ya asali, bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano, kipimajoto, chupa ya maji ya moto na kitambaa cha kuifungia, na namba ya daktari wa mifugo anayepokea simu usiku.

Kama mtoto ana fahamu na anameza, koroga kijiko kimoja cha chai cha glukosi kwenye vijiko viwili vya chai vya maji ya uvuguvugu. Mshike akiwa amelalia tumbo au ameketi, kichwa usawa wa mwili, usikiinue kuelekea juu. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, kati ya shavu na meno, utoe matone machache, yaani nusu mililita au chini ya hapo, usubiri ameze, ndipo uongeze. Kwa mtoto wa karibu kilo 1, jumla ya mililita 2 hadi 3 yatosha kwa mara ya kwanza. Ukitumia asali, nusu kijiko cha chai, ukiipaka kidogokidogo kwenye fizi na kaakaa kwa ncha ya kidole. Watu husema asali inapenya kwenye fizi moja kwa moja. Sehemu kubwa kwa kweli huingia mwilini ikishamezwa, kwa hiyo angalia kama koo linasogea.

Kama ana degedege au amezimia, usimimine kitu chochote mdomoni. Maziwa, maji, uji, vyote vitaingia kwenye mapafu, na mtoto aliyenusurika sukari atakufa kwa nimonia siku ya pili au ya tatu. Mlaze ubavu, inua mdomo wa juu, paka utando mwembamba wa asali au glukosi nzito upande wa nje wa meno, kati ya mdomo wa juu na fizi tu. Usipitishe kidole katikati ya meno, maana taya hujifunga bila yeye kujua. Hapo tayari mtu mwingine awe anawasha gari au anaita bodaboda. Huyu ni wa hospitali, hata akiamka njiani.

Joto liende sambamba. Pima kwa kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa: nyuzi 38 hadi 39 ni sawa. Chini ya 36, tumbo na utumbo hufanya kazi kwa kusuasua, kwa hiyo chakula kitakaa tumboni au kitatapikwa. Hapo mpake sukari na umpashe joto kwanza, chakula kitafuata. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwa kitambaa kinene na ikae upande mmoja wa kikapu, maana mtoto aliyelegea hawezi kujisogeza akiungua, na tumeona ngozi za matumbo zikichubuka kwa chupa iliyowekwa wazi. Kumkumbatia kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya sweta, ni njia nzuri na haina hatari hiyo.

Mara nyingi utaona mabadiliko ndani ya dakika 5 hadi 10: kichwa kinainuka, mkia unasogea, anaanza kulalamika. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanafurahi, wanamrudisha kitandani, na baada ya nusu saa hivi anaanguka tena. Sukari tupu hupanda haraka, kongosho nalo hutoa insulini, na kwa kuwa ini halina akiba yoyote, sukari inashuka tena, pengine chini ya pale ilipokuwa. Akishaweza kusimama na kushika kichwa, mpe chakula chenye protini na mafuta: kijiko kimoja cha chai cha nyama ya kuku iliyosagwa, kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa, au chakula chake cha kopo. Rudia kidogo baada ya saa 1, halafu kila saa 2 kwa siku ile yote. Ikifika dakika 10 baada ya kumpa glukosi hajabadilika, rudia mara moja huku mko njiani kwenda kwa daktari.

Neno kuhusu vitamu: usitumie kitu chochote kisicho na sukari halisi. Pipi, jojo na baadhi ya siagi za karanga za "bila sukari" zina kiungo kinachoandikwa xylitol au E967 kwenye pakiti. Kwa binadamu hakina shida kubwa. Kwa mbwa kinalazimisha kongosho kumwaga insulini kwa wingi na kuishusha sukari kabisa, na kinaweza kuua ini. Soma pakiti kabla hujaifungua. Soda nayo iache: ina gesi, na nyingine zina kafeini.

Hospitalini daktari atatafuta mshipa na kuweka glukosi. Ile ya asilimia 50 haiingizwi kavu. Huzimuliwa kwa maji ya dripu, kwa kawaida sehemu 1 kwa sehemu 3 au 4, kwa sababu ikiwa nzito hivyo huunguza mshipa. Dozi ya kawaida ni nusu hadi mililita 1 ya ile ya asilimia 50 kwa kila kilo ya uzito, ikipitishwa polepole kwa dakika kadhaa, kisha dripu yenye glukosi ya asilimia 2.5 hadi 5 mpaka mtoto ale mwenyewe na kipimo kitulie. Usikubali mtu amchome glukosi nzito chini ya ngozi. Nyama ya pale hufa. Pia uliza kama damu imepimwa papo hapo. Damu ikikaa kwenye kichupa cha kawaida, chembe nyekundu zinaendelea kula sukari iliyomo, na baada ya saa chache majibu yataonyesha upungufu ambao mtoto hana.

Nyumbani, mashine ya kupimia sukari ya binadamu inasaidia, mradi uijue tabia yake. Sukari ya kawaida ya mtoto wa mbwa ni takriban 4.4 hadi 6.6 kwa kipimo cha mmol/l, ambacho ndicho tunachokutana nacho zaidi kwenye mashine za huku kwetu; chini ya 3.3 ni upungufu. Shida ni kwamba kwa mbwa sukari nyingi hukaa kwenye maji ya damu na kidogo tu kwenye chembe, tofauti na binadamu, na mashine imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Kwa hiyo mara nyingi inasoma chini ya ukweli. Dawa yake ni rahisi: mpime kwanza ndugu yake mzima, saa 2 hivi baada ya kula, uandike namba yake. Sasa unajua kwenye mashine yako "mzima" ni ngapi. Tone la damu lichukue ukingoni mwa sikio, baada ya kulipasha sikio kwa mkono, au kwenye mdomo kwa ndani. Osha mikono ikauke. Alama ndogo ya asali kwenye kidole ikigusa tone, mashine itakwambia sukari iko juu huku mtoto anakufa. Na vile vipande vya kupimia havitaki unyevu: Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ukiacha kopo wazi, usishangae namba zikianza kuyumba. Lakini dalili zikiwepo, usisubiri mashine. Mpe sukari.

Tukija kwenye kinga, kazi yote iko kwenye ratiba na mizani. Mtoto wa wiki 8 hadi 12 ale mara 5 au 6: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 11 jioni, saa 2 usiku na saa 5 usiku. Ukiitazama ratiba hiyo, pengo kubwa ni la usiku, saa 7 nzima, na ndiyo maana wengi huangukia alfajiri. Kwa mtoto aliye chini ya kilo 1, na kwa yeyote aliye katika wiki yake ya kwanza kwenye nyumba mpya, weka kengele saa 9 usiku umpe mlo mdogo. Inachosha, lakini ni wiki chache tu.

Kiasi: mtoto wa kilo 1 katika umri huu anahitaji karibu kilokalori 210 kwa siku. Chakula kikavu cha watoto wa mbwa kina takriban kilokalori 4 kwa gramu, kwa hiyo ni gramu 50 hadi 55 kwa siku, yaani gramu 9 hivi kwa kila mlo ukigawa mara 6. Ni kiganja kidogo sana, na ndiyo sababu usipime kwa macho. Loweka kwa maji ya uvuguvugu dakika 10 kiwe laini, maana meno ya maziwa ya mtoto huyu huchoka kabla hajashiba. Kumwachia bakuli limejaa kutwa hakutoshi kuwa kinga: hujui amekula nini, na katika kundi mdogo kabisa husukumwa pembeni.

Ugali kwa dagaa umelea mbwa wengi wakubwa Afrika Mashariki, lakini kwa mtoto wa gramu 800 haufai kuwa mlo mkuu. Tumbo lake ni dogo. Ugali unalijaza maji na wanga, protini na mafuta yanakosa nafasi, na wanga huo ukishachomwa hakuna cha kuendelea nacho mpaka asubuhi. Kama lazima upike, kuku au nyama ya kusaga na yai viwe sehemu kubwa, wali au ugali ubaki kidogo, na umwombe daktari akusaidie kuongeza kalisi, kwa sababu nyama tupu haina ya kutosha kwa mifupa inayokua. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, na mtoto anayeharisha amekaa mlangoni mwa tatizo hili. Kumpaka asali kila siku "kwa tahadhari" pia hatupendekezi. Kunamzoesha kupanda na kushuka, na kunamharibia hamu ya chakula.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu ni mlinzi bora kuliko mashine ya sukari. Mpime kila asubuhi kabla ya mlo, uandike. Asipoongezeka siku 2 mfululizo, au akipungua hata siku moja, tafuta sababu siku hiyohiyo: kinyesi, joto, fizi, hamu ya kula. Uzito huanza kusema kabla miguu haijayumba.

Minyoo ni mwizi mkubwa. Safura hupita kwenye maziwa ya mama na kunyonya damu. Minyoo mikubwa ya mviringo hupita tumboni mwa mama kabla hajazaa. Dawa ianze wiki ya 2, irudiwe kila baada ya wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka afikishe miezi 6. Fenbendazole ni miligramu 50 kwa kilo, siku 3 mfululizo. Angalia nguvu ya dawa iliyo mkononi: mtoto wa gramu 700 anahitaji miligramu 35, ambayo ni mililita 1.4 ya dawa ya asilimia 2.5, lakini ni mililita 0.35 tu ya ile ya asilimia 10. Dawa za mbuzi na ng'ombe zenye levamisole ziache kabisa. Kwa mbwa, umbali kati ya dozi ya kutibu na ya kudhuru ni mfupi mno. Na usimfungishe chakula ili kumpa dawa ya minyoo, desturi ya zamani ambayo kwa hawa wadogo ni hatari.

Dawa ya kupe nayo ina mtego wake. Mtoto akiogeshwa kwa dawa ya mifugo yenye amitraz, kisha akalegea, akapoa na kusinzia, kila mtu atakimbilia asali. Amitraz hupandisha sukari, haishushi. Anachohitaji ni kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kukaushwa na kupelekwa kwa daktari. Hapa mashine ya sukari inakuonyesha njia haraka. Watoto wa chini ya miezi 3 wasiogeshwe dawa hiyo kabisa.

Baridi ya Juni na Julai Nairobi, Limuru, Arusha au Njombe inatosha kumwangusha aliyekosa mlo mmoja. Alale mbali na sakafu ya simenti, ndani ya kikapu chenye blanketi. Siku za kwanza za nyumba mpya, chakula kiwe kilekile alichokuwa anakula alikotoka, na michezo iwe dakika 15 au 20, kisha alazwe, hata kama watoto wa nyumba wanalia wanamtaka. Safarini, mpe mlo mdogo saa 1 au 2 kabla ya kuondoka, na msimame kumlisha kila saa 3. Akienda kufanyiwa upasuaji mdogo au kuwekwa chini ya usingizi, mwambie daktari uzito wake mapema. Agizo la kutokula tangu jioni ni la mbwa wakubwa. Aliye chini ya kilo 2 hafungishwi zaidi ya saa 1 hadi 2.

Wengi huvuka wakifika miezi 4 au 5, ini na misuli vikishakomaa. Punguza mlo mmoja mmoja, wiki baada ya wiki, mpaka ifike mara 3 kwa siku. Asiyevuka ndiye wa kumtazama kwa makini. Anayeanguka mara kwa mara ingawa analishwa vizuri, aliyedumaa, anayezubaa au kuyumba baada ya kula, hasa akiwa Yorkshire Terrier au Maltese, apimwe asidi za nyongo kabla ya mlo na saa 2 baada yake. Jamii hizo huzaliwa wakati mwingine na mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini, na asali haiwezi kuutibu. Anayetapika na kuharisha damu apimwe parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, siku hiyohiyo.

Kwa anayeuza watoto wa jamii hizi: usiwatoe kabla ya wiki ya 10, na wadogo kabisa wasubiri wiki ya 12. Wale wanaotangazwa kuwa "teacup" si jamii yoyote; ni watoto waliobaki wadogo kupita kiasi, nao ndio huanguka kwanza. Kila mtoto aondoke na chakula chake cha wiki moja, karatasi ya uzito wake wa kila siku, ratiba ya milo yenye saa, tarehe za dawa za minyoo, na pakiti ya glukosi. Na kabla hujamkabidhi mnunuzi kamba na kikapu, mwambie achanganye glukosi hiyo mbele yako na aivute kwenye bomba mwenyewe.